Aliyejua Akanyamaza

Katika hoteli nyingi za Mombasa, sahani ikivunjika weta anakatwa mshahara. Mteja akitoroka bila kulipa, anakatwa tena. Wenzangu wenye hoteli wanasema hivyo ndivyo mtu anavyofunzwa kuwajibika. Mimi nauza biriani, pilau na mbaazi za nazi, na naamini kwa dhati kwamba makato hayo yanamfunza mtu kuficha.

Mafakihi walishalipima jambo hili. Mwajiriwa anayemtumikia tajiri mmoja ni mtu wa amana: kitu kikiharibika mkononi mwake bila uzembe wala kuvuka mpaka, halipi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo, katika kifungu cha 19, inataka hasara iwe imetokana na kosa la makusudi, na makato yawe ya kiasi. Sahani iliyoponyoka kwenye mikono yenye povu haimo humo.

Sahani ni jambo dogo. Kubwa ni wali. Sufuria ikisahauliwa nje usiku kucha kwa joto letu la pwani, bakteria wa Bacillus cereus, ambao vimbegu vyao havifi kwa kuchemshwa, huzaana na kutoa sumu. Asubuhi ukiupasha wali huo, sumu ile ya kutapisha haiondoki. Kwa macho ni wali mzuri, na pengine hata haunuki. Anayejua ni yule aliyefunga jiko jana, basi.

Kijana wangu wa zamu ya usiku alinijia saa 12 asubuhi: "Mama, ule wali niliusahau nje. Tusiuuze." Tuliumwaga wote, naye akabaki akapika mwingine. Sikumkata hata shilingi. Angejua ukweli utamgharimu mshahara wa siku mbili, pengine angenyamaza, na wateja wangekula.

Nikisema haya huambiwa: Mungu anaona, yatosha. Kisha nasimuliwa kisa cha binti wa zama za Khalifa Umar, aliyekataa kuchanganya maziwa na maji kwa kuwa Mola wa Umar anawaona hata Umar asipowaona. Nakipenda mno kisa hicho. Lakini tunaposimulia tunapitia mbio jambo moja: aliyeamuru maji yatiwe ni mama mtu, na aliyekataa ni mwanawe. Mdogo alimzuia mkubwa. Sisi tunawahubiria wafanyakazi kumcha Mungu, kisha mwosha vyombo akisema nyama hii imeharibika tunamwita mjeuri. Hofu ya Mungu tunayoitaka kwao ni ile isiyotugusa sisi.

Kwangu, yeyote jikoni anaweza kuzuia chakula kisitoke, hata kama niliyeamuru kitoke ni mimi. Ninayemwadhibu ni aliyejua akanyamaza. Wenzangu, mwezi huu ukiisha, lipeni mishahara kamili, na sahani zilizovunjika zihesabuni katika gharama za biashara.