Mwanagenzi na Ushinde

Kila ufundi una mlango wa kuingilia, na mlango huo ni mfupi. Hapana apitaye bila ya kuinama. Seremala huharibu mbao kabla ya kutengeneza kiti. Mvuvi hurudi na dema tupu kabla ya kuujua mwamba. Mchumaji wa karafuu huvunja tawi na kulaumiwa kabla ya kujua namna ya kulivuta bila ya kulidhuru. Hasara za namna hii husamehewa upesi, kwa kuwa mbao, dema na tawi havina macho wala ulimi. Lakini uko ujinga mwingine ulio mgumu zaidi kuvumiliwa, nao ni ule uonekanao mbele ya mtu ambaye hupata kwa sababu mwenziwe hajui. Huo ni ujinga wa mwanagenzi katika michezo ya kushindana. Humo kosa lake huwa faida ya mpinzani papo hapo, na wasimamao pembeni huhesabu.

Katika ujinga huu huzaliwa swali ambalo si la mchezo peke yake. Fundi akikutana na mwanagenzi, ni wajibu wake kumshinda kwa nguvu zake zote, au ni wajibu wake kumwachia? Na mwanagenzi, aupokee vipi ushinde ambao hapana budi utamfika?

Kisiwa cha Pemba ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hili, kwa kuwa mashindano ni sehemu ya maisha yake. Bao huchezwa barazani mpaka jua likachwa. Huko Kengeja na Pujini mchezo wa ng'ombe umedumu kwa vizazi, na ng'ombe wake hauawi. Hutolewa uwanjani mzima kama alivyoingia, akachezwa siku nyingine. Kwa mchezo huo watu wa Pemba walikwisha kukubali zamani ya kuwa inawezekana kushindana pasipo kuangamizana. Baadaye ulikuja mchezo mpya. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa bara kwa waya upitao chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na mji ukawa haukai tena kwa rehema ya jenereta za Wesha. Umeme uliotulia huleta mengi, na mojawapo ni kibanda chenye televisheni, benchi, na vijana wawili walioshika pedi zenye vitufe, wakipigana kwa mikono ya watu wasiokuwapo.

Gemu za mapigano zilipata umbo lake la leo mwaka 1991, kampuni ya Kijapani iitwayo Capcom ilipotoa Street Fighter II. Wapiganaji wawili hukabiliana; kila mmoja ana mstari wa uhai juu ya kioo, na amalizaye uhai wa mwenziwe kwanza ndiye mshindi. Mwaka 1994 kampuni ya Namco ikatoa Tekken, ambayo vitufe vyake vinne ni viungo vinne vya mwili: mikono miwili na miguu miwili. Mpango huu ni mwepesi, hata mtoto huufahamu kwa dakika moja. Ugumu u mahali pengine. Mashine huonyesha picha 60 kwa kila sekunde, na ngumi nyepesi ya Tekken humfikia mtu kwa muda wa picha 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Jicho huiona, lakini mkono hauwahi kuitika. Kwa hiyo fundi hangoji kuona. Hukisia, kwa kuwa amekwisha kuyajua mazoea ya mpinzani wake. Mwanagenzi hana cha kukisia. Hupigwa akiwa bado anatafuta kitufe.

Na ichukuliwe mfano wa mwalimu wa skuli katika mji wa Chake Chake, mtu wa miaka arobaini na kitu, atakaye kujua ni jambo gani liwatekalo wanafunzi wake kila alasiri. Anaingia kibandani. Vijana wanasimama. "Shikamoo, maalim." "Marahaba." Anapishwa kwenye benchi, anapewa pedi, na mpinzani wake ni mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye asubuhi ile ile alimsahihishia daftari. Anashindwa mara nane. Vicheko vinaanza, kisha vinamezwa. Katika mchezo wa tisa mpiganaji wa yule mtoto anazubaa, kinga yake inashuka, mwalimu anapiga na anashinda. Kibanda kizima kinashangilia. Mwalimu anarudi nyumbani amefurahi, akijiambia ya kuwa mtu mzima hakosi akili ya kujifunza. Kesho yake mtoto mwingine, asiyejua kuficha, anamwambia njiani: "Jana alikuachia, maalim."

Maneno hayo mawili, alikuachia na maalim, yanapingana. La pili lina heshima, na la kwanza limeiondoa. Mwalimu amepoteza nini? Furaha ya jioni moja ni kitu kidogo. Amepoteza zaidi ya hiyo. Watoto wote kibandani walijua jambo ambalo yeye peke yake hakulijua. Isitoshe, zile mara nane alizoshindwa zilikuwa mali yake, kwa kuwa kila moja ilikuwa na habari ya kweli: hapa hukukinga, hapa uliruka bila ya sababu, hapa ulirudia pigo lile lile. Ushindi wa tisa ulikuja ukazitia shaka zote. Kama mchezo mmoja ulikuwa uongo, ni upi uliokuwa kweli? Mtu aliyepewa ushindi asiostahili hawezi tena kuupima ujuzi wake.

Walakini si haki kumhukumu yule mtoto kwa ukali. Hakutaka kudanganya. Alilelewa kujua ya kuwa mkubwa haaibishwi mbele za watu, na malezi hayo ni mema; mji ambao watoto wake hawaoni haya kumwaibisha mzee hauna heri. Kosa lake ni kudhani ya kuwa kushindwa na kuaibishwa ni jambo moja. Tangu zamani Waswahili wamesema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii kwa kawaida huambiwa aliyeshindwa ili atulie. Lakini ndani yake limo onyo kwa mshindi pia: amnyimaye mwenziwe nafasi ya kushindwa humwondoa katika daraja ya washindani, akamweka katika daraja ya watu wa kubembelezwa. Yule mtoto alidhani anamtukuza mwalimu wake, kumbe alimfanya mtoto.

Je, basi rehema haina mahali mchezoni? Inapo, lakini sharti iwe wazi. Mtoto yule angeweza kusema, "Maalim, mchezo huu sitatumia mateke." Hapo mwalimu angejua anapigana na nini, na kama angeshinda, ungekuwa ushindi mdogo lakini wa halali. Wacheza bao wamelijua jambo hili siku nyingi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na huanza kwa namu, ambapo kete huingizwa moja moja na kila moja hutaka hesabu. Mwanagenzi hatupwi humo. Hupewa kwanza bao la kujifunza, ambalo kete zote zimo mashimoni tangu mwanzo. Hapana adanganywaye, kila mtu anajua ya kuwa hili ni bao la kujifunza, na jina lake lenyewe linasema. Watengenezaji wa gemu nao wamefuata njia hiyo. Street Fighter 6, iliyotoka mwaka 2023, ina namna ya pili ya kutumia vitufe, ambayo kwayo mapigo magumu hutoka kwa kitufe kimoja, na achaguaye namna hiyo mpinzani wake humwona. Kupunguziwa mzigo kwa uwazi ni ngazi ya kupandia. Kupunguziwa kwa siri ni kubebwa, na abebwaye hajui urefu wa safari.

Iko hatari nyingine, nayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Wako mafundi wampigao mwanagenzi kwa pigo moja mara ishirini, na wakiulizwa namna ya kulikinga hucheka tu. Hao hawadanganyi mchezoni; nguvu zao ni za kweli na ushindi wao ni wa kweli. Lakini wanaficha. Kama kumwachia mtu ni kumnyima kweli ya ushinde wake, kumficha kinga ni kumnyima maana yake. Ushinde usiofahamika haufundishi, huumiza tu. Na mtu akiumizwa bila ya kufahamu mara nyingi, huondoka, na benchi hupungua mtu mmoja. Fundi aliyebaki peke yake kwenye benchi hana tena wa kumshinda. Kwa hiyo wajibu wa fundi ni mambo mawili: acheze kwa kweli, na mchezo ukiisha aseme kwa kweli.

Wajibu wa mwanagenzi si mdogo. Wa kwanza ni kutokujidanganya. Katika Tekken 3 yumo mpiganaji aitwaye Eddy Gordo, achezaye kama mcheza ngoma wa Brazil, ambaye hata mtu abonyezaye vitufe ovyo humwona akizunguka na kupiga kwa madaha. Wanagenzi wengi humkimbilia, wakawashinda wanagenzi wenzao. Huo pia ni ushindi wa kuachiwa, tofauti ni kuwa aliyewaachia ni mashine. Siku wanapokutana na mtu ajuaye kukinga, hugundua ya kuwa hawakujua walichokuwa wakikifanya. Mwanagenzi mwenye busara huchagua mpiganaji mmoja na kudumu naye, hujifunza kukinga kabla ya kupiga, hujua ngumi moja ya haraka na wakati wake, na kila anaposhindwa hujiuliza kosa moja tu. Halaumu kitufe wala benchi. Haba na haba hujaza kibaba, na ushinde mmoja uliofahamika ni haba moja.

Yamkini mtu atasema ya kuwa haya ni maneno makubwa kwa mchezo mdogo, na ya kuwa afadhali vijana wangekuwa chuoni au shambani. Lawama hiyo ina haki yake: wakati ni mali, na sala haingoji mchezo uishe. Lakini kipimo cha jambo si ukubwa wa chombo chake. Mtoto ajifunzaye kibandani kupeana mkono na aliyemshinda amejifunza neno litakalomfaa katika biashara, katika siasa na katika ndoa. Wengine watasema ya kuwa wako watu dhaifu ambao ushinde huwavunja. Hao wapo, na dawa yao ni ngazi iliyo wazi, kama bao la kujifunza. Dhaifu adanganywaye hubaki dhaifu, na juu ya udhaifu huongezewa kutojua.

Mashindano makubwa ya dunia yanathibitisha jambo hili. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistani, ajulikanaye kwa jina la Arslan Ash, alishinda mashindano ya Tekken ya Evo huko Japani, na mwaka huo huo akashinda yale ya Las Vegas, fainali akimshinda Knee wa Korea, bingwa wa miaka mingi. Nchi yake haikuwa na sifa katika mchezo huo. Karibu zaidi na Pemba, Sylvia Gathoni wa Kenya, aitwaye QueenArrow, alisajiliwa na timu ya nje mwaka 2018 kuwa mchezaji wa Tekken, katika mchezo ambao wanawake ni wachache. Watu wa namna hii hawakufika walikofika kwa kuachiwa. Walipata wapinzani waliowaheshimu kiasi cha kuwapiga.

Na yule mwalimu wa Chake Chake? Njia mbili zi mbele yake. Aweza kukaa nyumbani, akaulinda uzee wake mbali na benchi. Au aweza kurudi alasiri, akaitikia shikamoo kama desturi, akaketi, akamwambia yule mtoto kwa upole, "Leo usiniachie." Akifanya hivyo atashindwa, na pengine mara nyingi. Lakini mtoto atakuwa amefundishwa ya kuwa heshima haihitaji uongo, na mwalimu atakuwa amefanya jambo ambalo kila siku huwataka wanafunzi wake walifanye, nalo ni kukubali kuonekana hajui. Mlango wa ufundi ni mfupi kwa mkubwa kama ulivyo mfupi kwa mdogo, na mkubwa hana budi kuinama zaidi.