Kupona Si Kulipa

Filamu ya The Last Samurai, aliyoiongoza Edward Zwick mwaka 2003, inamhusu Nathan Algren, kapteni wa Marekani aliyeshiriki kuua wanawake na watoto katika kijiji cha Wenyeji wa nchi hiyo. Mwaka 1876 tunamkuta San Francisco, mlevi, akitangaza bunduki za Winchester ili apate riziki. Anaajiriwa kufundisha jeshi jipya la Japani, anatekwa na samurai waasi, na kijijini kwao milimani anaacha pombe, anajifunza upanga, kisha anapigana upande wao. Wengi huona hapo nafsi iliyokombolewa. Ninachokiona mimi ni mtu aliyepona, na kupona si kulipa.

Hatia ina mwenyewe. Mafundisho ya Kiislamu kuhusu toba hutenganisha kosa baina ya mja na Mola wake na lile alilomtendea mja mwenzake. Hili la pili halifutwi na majuto peke yake, mpaka haki imrudie mwenyewe au aombwe radhi. Filamu yenyewe inalijua jambo hili. Algren anauguzwa nyumbani kwa Taka, mjane wa samurai ambaye yeye mwenyewe alimuua vitani. Anamwomba radhi kwa Kijapani, mjane anaipokea, na kabla ya vita vya mwisho anamvisha deraya ya marehemu. Hapo mkosaji na mkosewa wamekutana ana kwa ana. Waliouawa Marekani hawapewi nafasi hiyo. Wanabaki ndani ya ndoto mbaya za muuaji wao. Algren anamuua Kanali Bagley, aliyekuwa mkuu wake katika mauaji yale, lakini kisasi hicho hakiwarudishii wafiwa chochote.

Itasemwa kwamba wafu hawaombwi radhi. Ni kweli, ila wafu wana warithi. Chukua mfano wa historia halisi: alfajiri ya tarehe 27 Novemba 1868, kando ya mto Washita, George Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, alishambulia kambi ya Wacheyenne, mojawapo ya jamii za Wenyeji wa Marekani. Chifu Black Kettle aliuawa, na wanawake na watoto 53 wakachukuliwa mateka. Hao walikuwa hai. Wala si kweli kwamba askari mmoja hana la kufanya. Kapteni Silas Soule alikataa kuwaamuru watu wake wafyatue risasi katika mauaji ya Wenyeji huko Sand Creek mwaka 1864, na mwaka uliofuata akatoa ushahidi dhidi ya kamanda wake, Chivington, mbele ya tume iliyochunguza mauaji hayo. Miezi michache baadaye aliuawa mjini Denver.

Hoja nzito zaidi ni kwamba ugeni humfumbua mtu macho. Naikubali: Algren asingejiona vizuri akiwa amezama katika chupa. Lakini ili Japani imfae kama dawa, filamu imebidi iisafishe. Waasi halisi wa mwaka 1877, chini ya Saigo Takamori, walibeba bunduki na mizinga, na miongoni mwa manung'uniko ya samurai kulikuwa na kupoteza posho zao na haki ya kuvaa panga. Watu waliogeuzwa tiba ya dhamiri ya mgeni hunyimwa historia yao, huku wadai wa kweli wakisahaulika. Ugenini mtu anaweza kupata nguvu ya kutubu. Nguvu hiyo ilimdai Algren apande meli arudi Marekani, akaseme hadharani alichokitenda, kwa waliobaki.