Anzeni na Umeme, Kasha Lifuate

Wanangu mnaoshika koleo na chuma cha kulehemu, mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo leo sitawachelea. Nawaona mkichukua konsoli ya gemu iliyotengenezwa ikae sebuleni, kando ya runinga na soketi ya ukutani, mkaifungua, mkaipunguza bodi na kuipachika skrini ndogo ili ichezwe mkononi. Ni kazi ya akili, na singependa muiache. Ninachowaonya ni namna mnavyoipanga. Mnaanza na kasha, mnafuata skrini, kisha vitufe, na betri mnaitafutia pembe iliyobaki. Pembe hiyo ndiyo inayounguza nyumba.

Konsoli ya nyumbani haikuundwa kuihurumia betri. Chukueni Nintendo 64 ya mwaka 1996, inayopendwa sana na mafundi wa kazi hii. Adapta yake hutoa umeme wa aina mbili: volti 3.3 kwa ampea 2.7, na volti 12 kwa ampea 0.8. Zidisheni, mtapata wati 18 na ushei. Huo ni ukomo wa adapta, na konsoli yenyewe kwa kawaida hula chini ya hapo, lakini skrini na spika mnazoongeza nazo zinakula. Sasa tazameni betri. Seli moja ya lithiamu aina ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa nzima na ya ampea-saa 3, ina wati-saa 11 hivi. Mbili zina 22. Mzigo wote ukiwa wati 12, na vigeuza volti vikichukua sehemu yao, mnapata saa moja na nusu ya mchezo. Fanyeni hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kukata plastiki, maana mkitaka saa tatu mtahitaji seli nne, na kasha lililokwisha kukatwa halitanuki.

Hata wenye viwanda walibanwa na hesabu hiyo hiyo. Mwaka 1995 kampuni ya Sega iliuza Marekani mashine iitwayo Nomad, ambayo ilikuwa konsoli yao ya nyumbani iliyofanywa ya mkononi. Ilitumia betri sita za AA, nazo zilikwisha kwa saa mbili tatu tu. Game Boy ya mwaka 1989, iliyobuniwa tangu mwanzo kwa kuifikiria betri, ilidumu saa nyingi zaidi kwa betri nne.

Baada ya wati kuna suala la volti. Seli mbili zilizofuatanishwa hutoa volti 8.4 zikijaa, na hushuka hadi 6 zikikaribia kwisha. Nintendo 64 inataka 3.3, iliyo chini ya hapo, na 12, iliyo juu. Kwa hiyo mnahitaji kigeuza cha kushusha na kingine cha kupandisha. Msishawishiwe na ile reguleta rahisi ya miguu mitatu. Yenyewe huzigeuza volti zilizozidi kuwa joto. Ukitoa 3.3 kutoka 8.4 kwa ampea 2, wati 10 zinapotea, na bodi inapata chini ya 7. Ndani ya kasha lisilo na tundu la hewa, joto hilo litakaa ubavuni mwa betri.

Mkishaunganisha, huenda konsoli ikawaka, nembo ikatokea, na gemu ikianza tu ikajizima. Msikimbilie kusema bodi imekufa. Pimeni ikiwa kazini, ncha za mita zikigusa bodi yenyewe. Mnaweza kukuta kigeuza kinatoa 3.3 na bodi inapokea 2.9. Tofauti imeliwa na waya mwembamba. Wekeni waya mnene na mfupi.

Linaloninyima usingizi ni seli za kuokota. Kijana anapasua betri ya laptop iliyotupwa, anakuta seli sita. Nne zinasoma volti 3.8, mbili zinasoma 1. Anazichaji zote, zile mbili zinapanda, naye anafurahi kwamba zimefufuka. Hazikufufuka. Seli ya lithiamu ikikaa chini sana ya volti 2, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukiichaji shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipo pake na inaweza kuunganisha chanya na hasi humo humo ndani. Inaweza kuonekana nzima leo na kushika moto siku nyingine, na moshi wake ni sumu. Seli ya namna hiyo msiichaji, hata ikiwa ndiyo pekee mliyonayo.

Seli zenu ziwe za aina moja na umri mmoja. Wekeni bodi ya kuzilinda na kuzisawazisha, na chaja inayokoma kwenye volti 4.2 kwa kila seli. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya chanya. Msilehemu moja kwa moja juu ya seli, kwa kuwa joto la risasi huiumiza. Tafuteni zilizokwisha kuchomelewa vipande vya nikeli. Pasiwe na skrubu inayoweza kuzigusa seli. Wala msichaji mkiwa mmelala.

Kifaa hiki kitashikwa kwa mikono miwili, karibu na uso, na mara nyingi mikono hiyo itakuwa ya mdogo wako au mwanao, ambaye hajui kilichomo ndani. Yeye amekuamini wewe. Basi hesabu ikikataa, ongezeni unene wa kasha. Ikikataa tena, iacheni konsoli kwenye waya wake wa ukutani, wala msione haya. Fundi anayejua pa kusimama ndiye ninayeweza kumkabidhi mtoto wangu.