Mwenye Chombo na Mwenye Sheria ya Chombo

Katika pwani ya Bagamoyo vyombo huachwa mchangani maji yanapokupwa ili vitazamwe. Fundi hukizunguka chombo, akagonga ubao mmoja baada ya mwingine, akasikiliza. Ubao uliooza hujibu kwa sauti nzito, nao hutolewa ukatiwa wa badala. Nyufa hukalafatiwa kwa pamba, na tumbo la chombo hupakwa shahamu. Kazi hii yaweza kurudiwa miaka mingi, hata chombo kikabakiwa na mbao chache tu za zile zilizopigiliwa na fundi wa kwanza. Siku ya kukiacha kioze huamuliwa na watu wawili waliosimama pale pale: mwenye chombo na fundi wake. Haijasikika kwamba mtu wa mji mwingine, ambaye hajakiona chombo hicho wala hakijui jina lake, alitangaza kwamba tarehe fulani kitahesabiwa kuwa kimekufa.

Jambo lisilosikika kwa jahazi limekuwa la kawaida kwa chombo kingine, ambacho sasa kimo katika nyumba nyingi za njia ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kutoka Bunju, Mapinga na Kerege hata Bagamoyo yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kuuhudumia Windows 10, mfumo endeshi wa kompyuta uliotoka mwezi wa Julai 2015. Asubuhi ya tarehe 15 kompyuta zile ziliwaka kama zilivyowaka jana yake. Barua zilifunguka, hesabu zilijumlishika, picha za arusi zilionekana. Walakini wenye nazo walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba wakati wake umepita.

Mtu akinunua kitu kwa fedha yake, na kitu hicho kingali kizima kwa kazi yake, je, analazimika kukibadili kwa sababu aliyekitengeneza amesema basi? Na kama analazimika, deni hilo analipa kwa nani?

Kompyuta ni vitu viwili vilivyotiwa katika sanduku moja. Kuna mwili, yaani kioo, vibonye, diski na vipande vya ndani vinavyofanya hesabu. Na kuna mfumo endeshi, ambao ni sheria inayouongoza mwili huo: nani aingie, kipi kifunguke, neno lililoandikwa liwekwe wapi. Mwili hununuliwa ukawa mali. Sheria hainunuliwi, mnunuzi hupewa ruhusa ya kuitumia, kwa masharti marefu ambayo aghalabu huyakubali bila ya kuyasoma. Wanafalsafa wa Kiyunani walibishana juu ya merikebu ya Theseus iliyohifadhiwa Athens, ambayo mbao zake zilibadilishwa kidogo kidogo. Plutarch ameandika kwamba wengine waliiita ile ile, na wengine wakasema siyo tena. Kompyuta imelipindua swali hilo. Mbao zimebaki zile zile, hata mkwaruzo wa pembeni upo. Aliyebadilishwa ni nahodha.

Na achukuliwe kwa mfano mwalimu mstaafu wa Bagamoyo. Hana haja ya jina, kwa kuwa walio mfano wake ni wengi. Kompyuta yake ilitengenezwa mwaka 2015, ikatumika kwanza katika ofisi ya watu wengine, kisha ikanunuliwa Kariakoo. Ndani yake mna alama za wanafunzi wa miaka mingi, kumbukumbu za vikao vya msikiti, nasaba ya ukoo aliyoikusanya kwa kuwauliza wazee ambao baadhi yao wamekwisha kufa, na shairi moja ambalo hajalimaliza. Kijana aliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni fundi, anakuja kuitazama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?"

"Mashine ni nzima, Mwalimu. Mfumo mpya ndio hauitaki."

Neno hilo ni sahihi kuliko linavyosikika. Windows 11, uliotoka Oktoba 2021, hudai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la pili, pamoja na kichakato kilichomo katika orodha ya kampuni. Na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 zimeachwa nje ya orodha hiyo. Hazikuachwa kwa kuwa haziwezi kuandika barua. Mwalimu amezoea kwamba mtu ndiye akataaye kitu. Sasa kitu kimemkataa yeye, na sababu ya kukataliwa imo katika karatasi iliyoandikwa mahali ambapo hawezi kwenda kubisha hodi.

Jibu la kwanza linalomjia ni kutosheka. Kama chombo kinamfikisha anakokwenda, cha nini kutamani tanga jipya? Kuna hekima ndani ya jibu hilo, hasa katika zama ambazo upya wenyewe umefanywa kuwa sifa, na mtu huona haya kwa kumiliki kitu cha miaka 6. Lakini kutosheka ni fadhila pale tu ambapo gharama yake inabebwa na aliyetosheka.

Kila mfumo endeshi una nyufa ambazo waandishi wake hawakuziona. Wezi huzitafuta usiku na mchana, na kampuni huziziba kila mwezi kwa viraka vinavyopelekwa kwa njia ya intaneti. Mfumo unapotangazwa kuwa umekwisha, maana yake ni hiyo tu: kazi ya kukalafati imekoma. Maji hayaingii siku ile. Huingia pole pole. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mmoja wa namna hiyo. Mwezi wa Mei mwaka ule ule programu ovu iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa huo huo, ikafunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kompyuta zilizopatwa zilikuwa zile zisizotiwa kiraka. Na ugonjwa ule haukuishia kwa mzembe: kila mashine iliyoingiliwa ilitafuta nyingine ya kuingia.

Katika darasa za pwani hufundishwa mfano wa Mtume juu ya abiria wa merikebu moja, wengine juu na wengine chini, ambapo wa chini waliona ni wepesi kutoboa tundu katika sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Wakiachwa huzama wote. Mfano huo ni wa karne nyingi, lakini haupo mfano ulio karibu zaidi na jambo hili. Mwalimu anapowapelekea wajukuu picha, au anapoingiza namba za fedha za chama cha kuzikana, ubao wa chini wa mashine yake ni ubao wa chini wa wenzake. Hawezi kusema kwamba ufa ni wake peke yake.

Basi ana deni. Ila deni hilo ni kwa majirani, wala si kwa kampuni. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu waliotoa tangazo hupenda kuyachanganya madeni hayo mawili, hata mtu akadhani kwamba kuwatendea jirani zake wema na kununua mashine mpya ni tendo moja. Kampuni nayo ina deni lake. Ilitangaza mwaka 2025 kwamba mtu wa nyumbani aweza kupata viraka vya mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila ya fedha akikubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika ghala za kampuni ile ile. Vyama vya kutetea wanunuzi vya Ulaya vililalamika, na kwa wakazi wa Eneo la Uchumi la Ulaya sharti hilo la pili likaondolewa. Mwalimu wa Berlin na mwalimu wa Bagamoyo wana mfumo mmoja na nyufa zile zile. Mmoja alipewa kalafati kwa sababu ana wa kumsemea. Bagamoyo, uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, si mgeni wa sheria zenye uso mmoja huku na uso mwingine kule.

Ghadhabu inayotokana na jambo hilo ni ya haki, lakini si mashauri. Kukataa kwa jumla kulikwisha kujaribiwa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zilipoharibika na hasara ikaonekana, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ililegezwa baadaye, na waliokuja kuzitumia wakalazimika kujifunza kwa haraka yale ambayo wengine waliyajifunza kwa taratibu.

Liko jambo la ndani zaidi, ambalo mwalimu hulihofu bila ya kulitaja, nalo ni nasaba ile na shairi lile. Pwani hii imewahi kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na uhamisho huo ulikuwa wa herufi. Waandishi wa zamani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Shule za Wajerumani zikafundisha herufi za Kilatini, Waingereza wakaendelea nazo, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaisanifu tahajia yake. Faida haikuwa ndogo: irabu tano zilipata alama tano, na sauti za P, V na G, zisizo na herufi katika Kiarabu, zikapata zake. Hapakuwa na haja ya mtu kuzichoma barua za zamani. Zilibaki sandukuni, wino wake ungali mweusi. Waliotoweka ni wasomaji. Mjukuu akifungua sanduku la babu yake hushika hati ya shamba, au deni lililolipwa, au utenzi, asijue ni kipi kati ya hivyo. J. W. T. Allen alipozunguka kukusanya miswada kwa ajili ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambayo orodha yake ilichapwa mwaka 1970, alikuwa akiokoa mizigo ya watu waliokwisha kuvuka.

Hivyo hofu ya mwalimu si ukaidi wa uzee. Maandishi yaliyohifadhiwa kwa programu ambayo mfumo mpya hauijui ni barua ya sandukuni. Naye anayo nafuu ambayo babu zake hawakuwa nayo, kwamba ameonywa na anayo tarehe. Aweza kuyanakili yote katika diski ya pembeni, akayageuza kwa namna ambayo mifumo mingi huisoma, na lile shairi akalichapa karatasini, kwa kuwa karatasi haihitaji mfumo.

Ipo na njia nyingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianza kuandika Linux, kiini cha mifumo ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuitengeneza na kuigawa. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mmoja wa mifumo hiyo akauita Ubuntu, neno lililo ndugu wa damu wa utu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maelekezo ya Kiswahili. Mifumo ya namna hii mingi huikubali mashine ya mwaka 2015 bila ya kuiuliza umri. Matoleo yake nayo hukoma kuhudumiwa, ila lifuatalo hutolewa bure. Si sadaka isiyo na uchungu: mwalimu atajifunza upya mahali pa kila kitu, huenda mashine ya kuchapa ikagoma, na kijana fundi huenda asijue mfumo huo kama ajuavyo ule aliouzoea. Lakini hapa mwenye chombo na fundi wake wanasimama tena pale pale mchangani.

Wengi hawatapita njia hiyo. Watanunua mpya, na ya zamani itaondoka nyumbani. Wapi? Chombo kilichotangaziwa kifo hakifi, huhama. Hutoka Berlin kikaja Dar es Salaam, kikatoka Dar es Salaam kikaja Bagamoyo, kikavuka mto Wami kwenda Saadani, na kila kinapohama bei hupungua na khabari zake hupungua pamoja na bei. Anayekipokea mwisho, aghalabu mwanafunzi ambaye hiyo ndiyo kompyuta yake ya kwanza, ndiye asiyejua kabisa kwamba kuna tarehe. Sheria ya biashara iliyofuatwa pwani tangu zamani haimruhusu muuzaji kuficha aibu ya kitu chake, iwe ni mbuzi mwenye kikohozi au ubao wenye fundo. Aibu hii haionekani kwa macho wala haisikiki kwa kugongwa, na kuitaja humpunguzia muuzaji bei. Karatasi ndogo yatosha, ikibandikwa chini ya mashine, pale panapobandikwa namba yake: Windows 10, mwisho wa huduma 14 Oktoba 2025, usiitumie kwa mambo ya fedha mpaka ubadilishiwe mfumo.