Kutokuona si Hoja ya Kutokuwepo

Julai 1969 Neil Armstrong na Edwin Aldrin walitua mwezini. Picha walizorudi nazo zaonyesha mbingu nyeusi isiyo na nyota. Kwa sababu hiyo wako wadaio kuwa safari ile ilikuwa uwongo mtupu. Je, hoja yao ina nguvu?

Hebu tufikiri. Ardhi ya mwezi ilikuwa iking'aa kwa jua, na mavazi ya wanaanga yalikuwa meupe. Ili mwanga huo usiharibu picha, kamera ilifunguliwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Nuru ya nyota ni hafifu, yahitaji muda mrefu zaidi ili iache alama katika filamu. Basi nyota zilikuwapo, ila kamera haikuzingoja.

Na ushahidi upo. Mwaka 1972 wanaanga wa Apollo 16 walichukua mwezini kamera maalumu iliyobuniwa na George Carruthers. Waliiweka kivulini, ikapewa muda wa kutosha, nayo ikazipata nyota.

Kumwita mtu mwongo ni shtaka zito. Basi anayekana jambo kwa kuwa hakuliona, na ajiulize kwanza: Je, nimelitafuta kwa njia ipasayo, na kwa muda utoshao? Na anayedai kuwa jambo lipo asitosheke na kudai tu, bali aonyeshe njia ya kulihakikisha. Hapo ndipo wote wawili watakapokuwa wametenda haki.