Jukwaa Halisemi ya Chumbani

Mwanamume akipanda jukwaani, watu humpima mara mbili. Kwanza husikiliza sauti yake. Kisha humkagua mwili: amevaa nini, ametoboa sikio, anakata kiuno namna gani. Kipimo cha kwanza ni cha haki, kwa kuwa ndicho alichojia. Cha pili kina haraka, na mara nyingi hukumu yake hutoka kabla wimbo haujaisha.

Huko Chuka nchini Kenya, kati ya mji wa Meru na mji wa Embu, mpigaji huibana ngoma ndefu katikati ya mapaja, akaiinamia na kuipiga kwa viganja, mabega na kiuno vikifuata mlio. Usoni amejipaka rangi nyeupe. Mwilini ana ngozi ya mbega, na manyoya yake marefu hupepea kila anapojitikisa. Wazee hutazama, watoto huiga, wala hakuna anayeuliza kama huyo ni mwanamume kamili.

Lakini kijana wa eneo hilo hilo akiimba na gita harusini, Runyenjes au Nkubu, akiwa na hereni sikioni, nywele kazisokota na suruali imembana, minong'ono huanza: "Huyu ana mambo ya kike." Wanaonong'ona wamesahau kwamba babu zao walitoboa masikio wakayatia mapambo, na vijana wa rika la vita walisuka nywele ndefu wakazipaka udongo mwekundu. Pambo la shujaa wa jana limekuwa ushahidi dhidi ya mjukuu wake.

Yupo pia mwimbaji wa usiku, wa muziki wa gita uitwao mugithi na meza za baa, anayejisifu kwa maneno mazito kuhusu wanawake. Huyo huitwa dume bila kuulizwa swali. Hukumu hizi mbili zina kosa moja: zote hudhani kwamba mtu huimba maisha yake. Mwimbaji huimba kinacholipa, kinachochekesha, kinachoamsha waliosinzia. Wahenga walilijua hilo. Nyimbo za jando zilikuwa na maneno ya aibu, na msimu ukipita vinywa vilifungwa. Neno lilikuwa na wakati wake, na halikumfuata mtu nyumbani.

Anayeshughulika na nguo haoni matendo. Mwanamuziki wa Kongo, Koffi Olomide, amezungumziwa miaka mingi kwa mavazi yake ya kujionyesha. Mwezi Julai 2016 alitua Nairobi, na video ikamwonyesha akimrushia teke mwanamke wa kundi lake katika uwanja wa ndege. Serikali ilimwondoa nchini. Jambo la kumpimia mwanamume lilikuwa pale, kwenye mguu, wala halikuwa kwenye kitambaa.

Mnong'ono nao una gharama. Kijana mwenye kipaji huuzuia mwili wake, na wimbo unapoa. Mwingine hujitwika ubabe asiokuwa nao, na wanawake ndio wanaoulipia. Na aliye tofauti kweli huishi kwa hofu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu vinavyoadhibu mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Katika nchi ya sheria hiyo, tetesi inaweza kumletea mtu kipigo, kufukuzwa kwao, au askari mlangoni. Ulimi haulipi faini ya ulichokivunja.

Mwimbaji naye ana deni. Ajue hafla ni ya nani. Kiuno kinachofaa harusini usiku hakifai mazishini mchana, na mwenye shughuli ana haki ya kumwambia hapa kuna watoto. Neno hilo humwendea mhusika, usoni, kwa jambo alilolitenda mbele ya watu. Mnong'ono hupita nyuma yake, kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona.

Basi tuupime usanii kwa masikio na macho, na utu kwa mwenendo. Aliimba vizuri? Alifika saa aliyoahidi? Aliwalipa wapiga vyombo wake? Wanawake wa kundi lake wanarudi kwao salama? Yaliyobaki ni ya nyumbani kwake. Anayetaka kumjua mwanamume awaulize waliofanya kazi naye. Waliomtazama akicheza wameona mchezo tu.