Kitabu Kilichopotea Hekaluni

Soma 2 Mambo ya Nyakati 34:1–8, 14–21. Yosia alikuwa ameshaanza kuvunja sanamu kabla kitabu hakijapatikana. Kwa nini basi alirarua mavazi yake aliposomewa?

Yosia alitawazwa akiwa na umri wa miaka 8. Katika mwaka wa 12 wa utawala wake alianza kuisafisha Yuda, akizibomoa madhabahu za Mabaali. Katika mwaka wa 18, hekalu lilipokuwa likitengenezwa, kuhani Hilkia alikiona kitabu cha torati. Neno la Mungu lilikuwa limepotea ndani ya nyumba ya Mungu! Shafani alipolisoma, mfalme hakujivunia kazi ya miaka 6. Alinyenyekea, akalia. Aliona jinsi taifa lake lilivyokuwa limeenda mbali na Bwana.

Kisha aliwasomea watu wote, wakubwa kwa wadogo, wakaingia katika agano. Lakini katika siku zake, Yeremia alionyeshwa kwamba Yuda hakumrudia Mungu kwa moyo wote (Yeremia 3:6–10). Mfalme aliweza kuziondoa sanamu vilimani. Hakuweza kuziondoa mioyoni.

Hata leo Biblia inaweza kupotea ndani ya mkoba unaobebwa kanisani kila Sabato. Mkristo anaweza kuacha mizimu na hirizi, kisha simu, biashara au cheo vikakalia nafasi ya Neno.

Ni kitu gani kinachotangulia Neno la Mungu asubuhi yako? Utakiondoaje juma hili?